Wasini si kijiji cha Waarabu, na ile fomu ya sensa pia haitutoshi

Mhariri,

Asalaam aleikum. Mimi gazeti lenu nalisoma kitambo, tangu lilikuwa likifika Shimoni kesho yake na nusu ya kurasa zimeshafungiwa samaki, na sio mtu wa kuandika barua, lakini makala yenu ya majuzi kuhusu Wasini, kisiwa chetu hiki cha Kwale, imenikosesha usingizi. Mmeandika kuhusu kaa sawa, mmeandika kuhusu bustani ya matumbawe ya kina mama na lile daraja lao la mbao sawa, pomboo pia sawa. Halafu katikati mkatia ati Wasini ni kijiji kidogo cha Waarabu kilichoko mkabala na Shimoni, mkaweka na picha ya mzee ana ndevu nyeupe na kofia ya mkono, chini yake mkaandika ati ni mmoja wa Waarabu wa kisiwani. Kwani mlimuuliza nani?

Waarabu wako, sikatai. Kuna masharifu hapa ambao nasaba yao ukiifuata yaenda mpaka Hadhramaut, na mtu anakuhesabia babu kwa babu bila kushusha kikombe. Lakini huyo babu alipokuja hakuja na mke ndani ya jahazi, alioa hapahapa, mtoto akaoa hapa, mjukuu akaoa Vanga, kitukuu akaoa Udigoni, sasa baada ya vizazi vyote hivyo ukimwita Mwarabu watu hawakatai, ila hilo ni jina la upande mmoja tu wa damu yake, zile nyingine zote mmeziacha. Maguide wetu nao ndo hawana adabu kabisa, kuna wanaowaambia watalii ati Wasini ni Wa-Sini, yaani Wachina. Mtalii anapiga picha anaenda zake. Mimi hucheka tu, ila gazeti silicheki.

Wenyewe twajiita Wavumba. Wazee wametuhadithia mji wetu wa kwanza ni Vumba Kuu, kule bara pande za Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, magofu yake yako. Mtawala wake alikuwa akiitwa diwani, na kutawazwa kwake ilikuwa ni siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa, na ngoma na karamu ya kumaliza ng'ombe, na si kila mtu alikuwa na haki ya kupigiwa hiyo siwa. Mji ulipovunjika watu wakagawanyika, wengine Vanga, wengine huku kisiwani. Ukienda upande wa pili wa kisiwa, Mkwiro, huhitaji mashua, ni miguu tu juu ya mawe, huko ni Wachifundi na wao hujiita Washirazi. Lugha yao Kichifundi, yetu Kivumba, mtu wa Nairobi atasikia zote ni Kiswahili cha pwani basi, lakini sisi mtu akiitikia hodi tu tushajua kalelewa nyumba gani. Tunaoana nao, tunataniana nao, na tumegombana nao tangu enzi, mpaka leo mechi ya Wasini na Mkwiro sio mechi ya kupeleka mtoto mdogo.

Ongeza Wasegeju, ambao wenzao wako Moa na Boma upande wa Tanga. Ongeza Wadigo, hao ndo wengi pwani hii yote ya kusini, na Wasini hakuna nyumba isiyo na Mdigo ndani, kama si mke ni shangazi, kama si shangazi ni aliyekunyonyesha. Ongeza Wapemba, hao nitawarudia. Kuna mafundi wa Kikamba walikuja kujenga wakasilimu wakaoa, na sasa watoto wao ndo waadhini. Kuna walimu wa kutoka bara na askari wa hifadhi ya bahari ya Kisite, hao huja na kuondoka, lakini wengine huondoka wakiacha mtoto.

Na kuna wengine hatuwataji barazani. Pango la Shimoni watalii hulipa kuingia, wanaonyeshwa vile vyuma, wanaambiwa hapa ndipo watumwa walifungiwa wakingoja kusafirishwa, na watu hutoka humo macho mekundu. Sijasikia hata mtu mmoja akiuliza je wale ambao hawakusafirishwa walienda wapi. Hawakwenda popote. Walibaki hukuhuku pwani mashambani na majumbani mwa watu, wakazaa, na vitukuu vyao leo ni Wavumba na Washirazi na Wadigo kama sisi wengine, tunaswali safu moja. Nikiwa kijana nilimuuliza bibi mmoja wa jirani, mama yako alikuwa kabila gani, akanitazama kisha akasema, "Mwanangu, kabila ni la mwenye babake." Nikanyamaza na mpaka leo nikipita pale kwake nasikia aibu.

Sasa chukua kijiji kama hicho ukitie kwenye tableti.

Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Kwetu walifika siku ya pili, msichana mmoja mstaarabu sana kutoka pande za Ukunda, akatoa shikamoo yake vizuri akaketi barazani. Jua lilikuwa likipiga kile kioo haoni kitu, ikabidi ajifunike leso yeye na tableti yake pamoja, yeye anauliza kutoka ndani ya leso na sisi tunajibu leso. Umri, dini, choo, redio, maji mnatoa wapi, nikamwambia tunakinga ya mvua kwenye jabia manake kisiwa hiki hakina mto wala kisima cha maana. Yote yakaenda vizuri mpaka tulipofika kwa kabila.

Nikamwambia Mvumba. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. "Mzee, nikuandike Mswahili?" Nikamwambia tafuta mwanangu, Mvumba iko. Akatafuta. Sijui aliipata ama alichoka, alibonyeza kitu akaenda mbele, na mimi sikuona manake leso ilikuwa imefunika.

Mke wangu akamwambia, baba yangu ni Mdigo wa Vanga, mama yangu ni Mshirazi wa Mkwiro, nimezaliwa Shimoni, nimeolewa hapa, haya nichagulie wewe. Yule msichana akacheka, "Mama, ni moja tu." Mke wangu akafikiri kidogo akasema basi Mdigo, baba asije akanuna kaburini. Watoto hakuuliza hata, aliwapitisha kwangu wote. Kwa hivyo kwa mujibu wa serikali mke wangu amezaa watoto ambao si kabila lake, na mama wa Mkwiro aliyemzaa yeye hayumo popote.

Huyo mama mwenyewe, mamamkwe wangu, alikuwa ameketi kwenye mkeka anachagua mchele. Akaulizwa. Akasema, "Mimi mtu wa Mkwiro."

"Bibi, hiyo ni kijiji, mimi nataka kabila."

"Ndo hilo nimekwambia."

Wakaenda hivyo mara tatu, sauti zote mbili zikiwa na heshima kabisa, na wala mchele haukusimama. Mwisho msichana akanitazama mimi kama vile naweza kumsaidia. Mimi nimesomesha miaka 31 na sikuwa na jibu.

Lakini kilichonichoma ni cha jirani. Ukuta wetu ni mmoja na baraza zetu zimepakana, nilisikia kwa masikio yangu. Babake alivuka kutoka Pemba na ngalawa kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, yeye kazaliwa hapa, hajawahi kukanyaga Pemba hata siku moja, lakini hapa kila mtu anamjua ni Mpemba na lafudhi ni ya Pemba, ya babake. Alipoulizwa kabila akasema, "Mdigo." Haraka, kama mtu aliyejifunza kwa moyo. Jioni nikamwambia jirani, tangu lini? Akanijibu tangu nianze kutafuta kitambulisho. Kumbe miaka yote hiyo mtu hana kipande, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, pesa anatumiwa kwa simu ya mkewe, leseni ya kuvua ni matatizo, akipita ofisi fulani anaambiwa rudi kwenu, na kwao ndo hapa mlango wa pili. Kwa hivyo akawa Mdigo, akaandikwa hivyo, na hiyo ndo ikaingia kwenye hesabu ya taifa.

Sasa 2023 serikali ya Rais William Ruto ikawatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya, kama vile Wamakonde walivyotambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kutoka huku Kwale mpaka Nairobi mwaka 2016, wakati wa Uhuru Kenyatta. Hao Wamakonde tunawajua vizuri, wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge na ya miwa, wako Makongeni kule Msambweni, wakaitwa kabila la 43. Hilo lilikuwa jambo jema na jirani yangu amepata kitambulisho chake akiwa na mvi. Lakini fikiri sensa ijayo, Mungu akituweka mpaka 2029. Atasema Mpemba, tena kwa sauti. Halafu mtu wa Nairobi atakaa na tarakimu zake aseme, loo, katika miaka 10 Wapemba wamevamia kusini mwa Kwale na Wadigo wamepungua! Na nyinyi mtaandika makala. Na yule mtu hajasogea hata hatua moja, amekaa barazani pake palepale.

Nasema hivi manake mambo kama haya yashatokea. Tazama wenyewe matokeo yaliyochapishwa. Sensa ya 2009 Waswahili nchi nzima walikuwa 110,614. Ya 2019 ni 56,074. Nusu! Nchi yenyewe imeongezeka imefika milioni 47 na nusu na Waswahili wamekatika katikati, na hakukuwa na vita huku wala tauni, maharusi kila wiki na watoto wamejaa madrasa. Wakati huohuo Waarabu wa Kenya wametoka 40,760 wakafika 59,021. Mimi si mtu wa takwimu lakini najua kusoma. Watu hawakufa, watu walihama kisanduku. Nadhani wengine waliandikwa kwa majina ya miji yao, wengine wakamezwa na Mijikenda, lile kundi la makabila ya pwani, na wengine wakaona afadhali waitwe Waarabu, na hao sasa ndo mnawapiga picha.

Na hilo la kuhamia Uarabu lina historia yake, msidhani ni kiburi tu. Enzi ya mkoloni mtu akiandikwa Mwarabu hahesabiwi pamoja na manetivu, yaani Waafrika wenyeji, ana kiti chake kwenye baraza la kutunga sheria, kodi yake mbali, hadhi yake mbali. Akiandikwa Mswahili ni netivu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akijua kuzungumza na karani anatoka Mwarabu na mwingine anatoka Mswahili, na wote rangi moja na kanzu moja. Wazee walijifunza kwamba kabila ni kitu cha kujibu kulingana na nani anauliza. Akiuliza mzungu wa kodi ni jibu hili, akiuliza mkwe ni jibu lile, akiuliza mtalii ni lolote litakaloleta bakshishi.

Mtaniambia mzee, hayo ni majina tu, yana uzito gani. Basi niwape uzito wake. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 yasema kazi za kuanzia, angalau asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi kaunti hiyo. Kwale wenye wengi ni Mijikenda, na Wadigo ni Mijikenda. Mpwa wangu ana cheti chake kizuri tu, alipeleka maombi mahali fulani sitapataja, kwenye fomu ameandika Mvumba, yule wa dirishani akamwambia hiyo haiko kwenye kompyuta, akambadilishia hapohapo akawa Digo kwa sababu kwao ni Kwale. Kwa hivyo akaingia kwenye lile fungu la wengi kushindana na maelfu, na kwenye lile fungu la wachache lililowekwa kwa ajili ya watu kama yeye hakuonekana. Hakupata. Sisemi angepata, huenda hata huko asingepata, lakini angalau angekosa kwa jina lake. Na juu ya majina, niliwahi kuonyeshwa orodha moja ya makabila ina namba namba, nikatafuta Wachifundi sikuwaona, nikakuta Chitundi. Nikampelekea mamamkwe nikamsomea. Akauliza Chitundi ni akina nani, ni watu wa wapi hao maskini.

Kuna jambo jingine hakuna anayelifikiria huko juu, nalo ni upepo. Agosti ni kusi. Bahari chafu, mashua zimepandishwa, mji umetulia, vijana wengine wako Mombasa wanatafuta. Ukija kaskazi, Disemba, Januari, Februari, hutaitambua Wasini wala Shimoni. Wavuvi wa dago wamefika kutoka Pemba na Tanga, wamepiga kambi, wanauza pweza na kulipa deni dukani, msikiti Ijumaa unamwagika mpaka nje, kuna wenye wake zao hapa na wake zao kule na hakuna siri. Huu ni mji wa misimu miwili, na sensa yetu hupiga picha msimu mmoja. Sisemi ihamishwe, najua ni nchi nzima na sio sisi peke yetu, watu wa bara wana mambo yao. Nasema mjue tu kwamba mnachokisoma ni Wasini ya kusi.

Binamu yangu yuko Moa, upande wa Tanga, tulizungumza kwa simu hii barua nikiwa naiandika. Kwao sensa ilikuwa Agosti 2022 na hakuulizwa kabila kabisa, Tanzania mara ya mwisho kuliuliza swali hilo ilikuwa sensa ya 1967. Ananiambia nyinyi Wakenya mnajitafutia maradhi, lifuteni. Kuna siku ningemuunga mkono. Lakini nikamtazama jirani na kitambulisho chake kipya, nikaona lau si watu kuhesabiwa na kuitwa kwa jina, wale Wamakonde na Wapemba wangekuwa wakitafutwa na polisi mpaka leo. Huko kwa binamu hawahesabu lakini pia hawamnyimi mtu kitambulisho kwa sababu ya kabila. Sisi tushanyimwa, kwa hivyo tuhesabu, ila tuhesabu kama watu wenye akili.

Manake si vigumu. Mtu aruhusiwe kusema mawili au matatu kama anayo, mke wangu asiambiwe ni moja tu. Karani aandike neno lile lililotoka mdomoni mwa mtu na kulipanga lipangwe baadaye huko ofisini, sio mtu apangwe palepale chini ya leso. Ile orodha iletwe mapema kwa wazee wa mitaa waisome, ili Wachifundi wasizaliwe upya wakiwa Chitundi. Na mtoto aulizwe mamake pia. Hilo najua litaleta zogo hata hapa kwetu, wazee wenzangu watanitolea maneno kwamba nasaba ni ya baba, basi, mimi nimezaa mabinti wanne na hilo zogo niko tayari nalo.

Nanyi mhariri, kwenye makala inayokuja andikeni Wasini ni kijiji cha Wavumba na jamaa zao, itatosha, mkipata nafasi mwatie na wengine. Masahihisho mnaweza kuyaweka ukurasa wowote, hata ule wa matangazo ya vifo, mradi yawe.

Nimesahau ile picha. Yule mzee wa ndevu mliyeandika ni Mwarabu wa kisiwani ni shemeji yangu, Mdigo wa Majoreni, hajui Kiarabu zaidi ya cha kuswalia. Siku mliyokuja alikuwa amevuka asubuhi kuleta madafu, na ile kofia ni yangu, nilimwazima kwa sababu ya jua. Mpaka leo hajairudisha, na tangu gazeti litoke amekataa kuivua.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Wasini, Kwale